Kengele na Bili ya Gesi

Mume wangu Settimio alikata ngozi miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha viatu, bondeni Montefosco.
Aliijua ngozi ya ndama kwa kidole gumba, gizani,
kama mtu ajuavyo shavu la mwanawe.
Kisha mashine zikapakiwa kwenye malori,
zikavuka mpaka kwenda kule ambako mikono ni bei rahisi,
na mlinzi akabaki analinda mwangwi.

Aliyetia saini tunamjua kwa jina.
Amerudi mwaka huu, tai nyekundu, tabasamu la bango.
Juu ya viatu hasemi neno.
Anasema juu ya kengele.

Maana baraza la mji liliamua kiangazi kile
kengele ya parokia isilie kabla ya saa mbili asubuhi;
wageni wa hoteli hawalali.
Na Settimio, ambaye hakulia siku alipokabidhi kisu chake,
aliketi ukingoni mwa kitanda saa kumi na mbili,
akausikiliza ukimya,
akalia.

"Mtu huyo alikuuza," namwambia.
"Aliuza kazi yangu, Ornella. Kazi ni kitu cha kuuzwa.
Kengele ile ilimzika baba."

Mimi ndiye mshika daftari.
Gesi: euro mia moja themanini na nne.
Jino la Loredana: bado.
Matairi: yasubiri, kama tusubirivyo sote.
Namwonyesha tarakimu, naye huzitazama kwa heshima,
kama mtu anayeonyeshwa picha
za ukoo usio wake.

Usidhani ni mjinga. Hayo husema wale wa mjini
wanaokuja na kalamu kutuuliza
mbona tunayapigia kura ya hapana matumbo yetu,
kana kwamba tumbo ndilo lililotubatiza.

Jumapili tulishuka, mkono kwa mkono.
Shule ileile, darasa lenye ramani na harufu ya chaki.
Nikapewa penseli, nikavuta pazia,
bili ya gesi imekunjwa mkobani kama hirizi.
Nilijua pa kuweka alama. Nilijua tangu Februari.
Mkono ukakataa.
Nikamwona mama, jeneza lake likipanda kilima,
na ile sauti nzito ikimtangulia,
ikigonga mlango mmoja mmoja, ikiwaambia watu watoke.
Mimi nani atanitangaza? Kampuni ya gesi?

Nilisimama mle hadi msimamizi akakohoa.

Nilichora wapi, sitasema.
Settimio alitoka kidole gumba kikisugua hewa,
kama anayepima ngozi asiyoiamini.
Sikumuuliza.
Ndipo nikawaza, mara ya kwanza: huenda naye,
nyuma ya pazia lake, aliikumbuka gesi.

Tulikula dengu. Saa sita kengele ikalia,
ile tuliyoachiwa.
Yeye alihesabu mapigo,
mimi nilihesabu sarafu za mkate wa kesho.
Tukafika kumi na mbili pamoja.