Jiwe Juu ya Nyumba

Mgeni akipanda Mabatini kuja kwetu
huangalia juu kabla hajavua viatu,
kisha huuliza, kila mgeni huuliza:
"Hamuogopi?"

Jiwe limekalia jiwe jingine,
kubwa kuliko kanisa la kule bondeni,
nusu yake imeegemea hewa.
Chini yake kuna bati letu, kamba ya nguo,
na mama, Nkwimba binti Lugata,
anachambua dagaa kwenye ungo.
"Miaka thelathini na minne nalala hapa," husema.
"Kaa. Chai inapoa."

Mwaka ule duka liliposhika, tukanunua friji.
Haikupita wiki. Alfajiri, mlangoni: kibuyu,
kitambaa cheusi, mafundo saba,
na kichwa cha kuku kimegeuzwa kututazama.
Majirani walisimama mbali, mikono kifuani.
Baba mdogo Shija alisema yuko mtu Misungwi,
laki mbili na kondoo mweusi:
"Atazindika nyumba, hata nzi hatapita."

Mama alichukua ufagio, ule ule wa uani,
akakizoa kibuyu kama anazoa maganda ya mihogo,
akakitia motoni chini ya maji ya kuoga.
Tulipokwisha kuoga wote, akasema:
"Leo shetani katuchangia kuni."

Hatukucheka.
Usiku ule niliwasha simu mara tisa kumulika vivuli.
Mama aliomba dakika nne, nilihesabu.
Hakupaza sauti, hakumkemea jirani.
Alilitaja jina lile moja
kama mtu anayebisha hodi kwao,
kisha akakoroma.

Nisiseme uongo.
Mwezi wa nne Masalu, kaka yangu, aliugua figo.
Wodi ya Bugando, dirishani ziwa lote,
na yeye haruhusiwi kunywa hata glasi mbili za maji.
Akatutoka Alhamisi kabla ya jogoo.
Msibani watu walinong'ona: kibuyu.
Baba mdogo hakusema neno,
aliutazama tu ufagio.

Siku ya tatu nikamkuta mama anasugua masufuria.
"Huyo unayemwamini alikuwa wapi?"
Akasugua. Akasuuza. Akaanza tena lile lile.
"Sijui," akasema.
Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo juu ya Mungu.
"Sijui, Mbuke. Ila usiku wa mwisho kaka yako aliogopa,
akanishika mkono kama enzi za surua.
Halafu hofu ikatoka. Mkono ukabaki.
Aliyeitoa si mimi.
Mimi nilikuwa natetemeka."

Na yule wa kibuyu? Tunamjua.
Alikuja msibani na sufuria ya maharage,
akaiweka karibu na mlango, akasimama kama mwenye deni.
Mama alipakua, akala, mbele ya macho yote,
akaomba aongezewe.
Nilikasirika wiki nzima.
Baadaye sana, nikipanga soda kwenye friji,
ndipo nilipoona kilicholindwa:
ubaya uliingia mpaka sebuleni
ukakosa kiti.

Jana masika yamepiga, radi juu ya ziwa,
maji ya mlima yanapita uani na ndala za watu.
Binti wa mikopo amejikinga kwetu, fomu kifuani,
macho juu.
"Mama, hamuogopi?"

"Naogopa, mwanangu," akasema mama,
nami nikaacha kuhesabu chenji.
"Jiwe ni jiwe, lina siku yake.
Sijawahi kuliamini jiwe."
Akamsogezea kigoda kwa mguu.
"Kaa. Chai inapoa."