Karani wa Shehena Azuru Tongoni

Miaka thelathini na moja nimehesabu mizigo ya watu
pale bandarini Tanga: katani, kahawa,
mifuko ya mbolea iliyotoboka.
Kwa hiyo msinilaumu. Nikionyeshwa kitu, nahesabu.

Ndani ya Noah tuko saba: masista wawili wa Soni,
maharusi wa Korogwe, dereva, mtoto wa dereva, mimi.
Wa nane ni Semkiwa, kijana wa kutuongoza,
mwenye kifimbo, kitabu cha stakabadhi
na maneno aliyoyahifadhi kama dua ya kulalia.

"Hapa," asema, "pana makaburi arobaini."
Nikaanzia upande wa mikoko.
Thelathini na nane.
Nikarudia: thelathini na tisa,
maana moja lilikuwa chini ya mizizi,
limelala kifudifudi, kama linasikiliza ardhi.
"Ni arobaini, mzee."
"Nionyeshe."
Akacheka. Mtoto wa dereva akacheka.
Mimi hapana.

Kwenye nguzo ya kaburi kuna vishimo vya mviringo.
"Humu zilikaa bakuli za Uchina,
zimejengewa kwa chokaa, zinameremeta."
"Na sasa ziko wapi?" bibi harusi akauliza.
Semkiwa akatazama kifimbo chake.
Ukurasa huo hakupewa.

Nikatia ngumi katika kishimo kimoja. Ikaenea.
Vumbi, joto la jua, mjusi akakimbia.
Kazini ningeandika: *Pungufu.
Sahihi ya mtoaji, hakuna. Ya mpokeaji, hakuna.*
Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa;
lakini hapa daftari ndilo lililobaki,
la mawe, limesimama wima,
kila shimo ni mstari uliofutwa vibaya.

Msikitini hakuna paa. Mihrabu ipo.
Sista Eustakia akavua viatu, akasimama
pale kizingiti kilipokuwa, akasita.
"Sista, pita tu, hakuna mlango," akasema bwana harusi.
"Mlango upo," akajibu. "Mbao ndizo hazipo."
Akangoja kidogo. Sijui aliitikiwa na nani.
Akaingia.

Mchana tukala mihogo ya nazi, tukarudi kaskazini
hadi Amboni, mapangoni.
Tochi mbili, na moja betri zake zinaugua.
Giza la mle ndani lina harufu mbili:
mavi ya popo, na marashi.
Mwanga ukaangukia mahali pa kuombea:
vitambaa, chupa, kijiti cha udi kilichoungua nusu,
sarafu zilizotapakaa kama magamba ya samaki.
Nikainama. Moja, mbili, tatu...

Nilipofika kumi na tisa Semkiwa alinishika mkono,
na kwa mara ya kwanza siku ile hakukariri:
"Mzee, hizo hazihesabiwi.
Kila moja ina mwenyewe,
na mwenyewe pengine bado anangoja jibu."

Nikanyamaza.

Kuna mwaka, kabla hatujampata Athumani,
mke wangu aliniaga anakwenda Muheza kwa shangazi yake.
Akarudi jioni, upindo wa kanga una vumbi jeupe.
Muheza, udongo wake mwekundu.
Mimi karani, niliona.
Sikuuliza. Athumani sasa ana watoto watatu.

Tulipotoka nje jua lilituchapa machoni.
Maharusi wakapiga picha; mimi nikatazama viatu vyangu:
vyeupe hadi kwenye kamba.

Nyumbani, Mwanatumu alikuwa anachambua mchele.
"Haya, mhesabuji. Makaburi mangapi?"
"Arobaini," nikasema.
Akainua macho, akayashusha hadi miguuni mwangu,
yakakaa pale.
Kisha akaweka ungo chini, akaenda kuleta brashi,
akaanza na kiatu cha kushoto,
polepole,
bila kuniuliza nilikuwa wapi.