Michezo Elfu Moja

Kaseti ya Wabwile ilijiandika michezo elfu moja.
Tuliihesabu. Ilikuwa sita.
Sita tu, iliyobadilishwa majina na rangi ya anga;
wa mia na nne ndio ule wa pili,
wa mia tisa ni ule ule, wenye mwezi.
Lakini nani angemwambia? Mashine yake,
kibanda chake, mabati matatu kando ya reli ya Webuye,
na makopo ya maharagwe yake pia:
shilingi tano, haragwe moja, dakika kumi.
Haragwe likihamia kopo la pili umekufa,
hata kama bado unaruka.

Hakuna aliyevuka daraja la tatu.
Sikuku alidai amelivuka,
siku ambayo sote tulikuwa shuleni.

Sasa niko Kibuye, Kisumu, meza ya kumi na tisa.
Mchana natengeneza simu za watu,
usiku najitengenezea changu.
Kompyuta nzima, ubao usiozidi kitambulisho.
Kioo nilikitoa kwenye kamera ya nyuma
ya Probox iliyogonga punda Ahero.
Vitufe ni vya rimoti. Spika ni ya kabambe
iliyozama chooni; niliiosha, usiniulize mara ngapi.
Betri mbili za laptopu, zilizokatiwa tamaa na mwenyewe.
Na nyumba ya vyote hivyo ni kopo la siagi, la njano,
nililolikata kwa wembe uliopashwa moto.
Kidole changu kinakumbuka.

Mara ya kwanza, moshi.
Mara ya pili, kioo cheupe pe.
Mara ya tatu maandishi yakateremka mbio
kama waumini wanaotoka kanisani mvua ikianza,
kisha juu ikawa chini:
nikibonyeza kupanda, jamaa anashuka.
"Si ugeuze kopo," akasema Akeyo wa meza ya pili,
akiendelea na omena zake.
Nikageuza waya.

Ndani ya ubao huu hamna mashine ya Wabwile.
Mna programu inayojifanya ndiyo,
na inajifanya kwa uaminifu wa kutisha:
maadui wakizidi watano kioo kinapepesa macho,
jamaa anaburuta miguu,
yaani hata uchovu wa ile ya zamani imeuiga.
Haihitaji kupulizwa vumbi.
Mimi napuliza.
Kila nikiwasha, mtu mzima, napuliza kopo la siagi.

Daraja la tatu nililivuka Jumanne, saa saba usiku.
Ng'ambo yake kulikuwa na daraja la kwanza,
limepakwa zambarau.
Nikaliangalia.
Hakuna aliyenipiga bega, hakuna aliyenipumulia shingoni,
hakuna haragwe lililogonga bati.
Nje, mbwa wa soko waligombania kitu,
wakakimaliza, wakanyamaza.

Krismasi nikapanda Webuye.
Kibanda siku hizi kinauza chakula cha kuku.
Wabwile, miwani imeshonwa kwa waya wa shaba,
akalipokea kopo, akalipima uzito kama mahindi,
akalinusa.
"Michezo mingapi?"
"Elfu nne, mia mbili na kumi."
"Umehesabu?"
Sikujibu.
Akacheka mpaka akashika gunia.
"Na mimi mliniita mwongo kwa elfu moja!"

Kisha akacheza.
Kidole gumba kile, kinene, chenye ufa wa saruji,
kilizijua njia ambazo sisi hatukuwahi kumwona akizipita;
kumbe akifunga mlango jioni
alikuwa akibaki ndani.
Daraja la kwanza. La pili.
Wateja wawili wakajipimia pumba wenyewe
na kuacha pesa juu ya mizani.
La tatu, bila hata kukunja uso.
La zambarau.

Nikasema, "Zamu yangu."
Hakuinua macho. Alinyoosha kiganja tu.
Nikapekua mifuko: noti ya mia.
Akasema hana chenji,
akaendelea kuruka.