Vijikovu

Ilomantsi, Februari. Nje nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri,
ndani ya sauna tumekaa watatu, uchi kama viazi vilivyomenywa,
na babu Kalervo anamwagia mawe maji
mpaka mvuke unatuuma masikio.

Humu hakuna cha kuficha. Ananitazama tumbo.
"Ndivyo hivyo tu?"
Ndivyo hivyo: kimoja kitovuni, kimejikunja kama hakikuwapo,
kimoja chini, penye mstari wa suruali,
kimoja kushoto.
"Mbu watatu," anasema, "na wala hawakushiba."

Lake ndilo kovu. Kulia, refu kama kidole cha kati,
limezama, lina miguu huku na huku kama tandu.
Mwaka wa sitini na nane, trekta la jirani lilimfikisha
kwa daktari aliyeunga miwani kwa plasta.
Akapasua, akatia vidole, akakisaka kidole tumbo
kama mtu anayesaka funguo mfukoni, gizani.
Siku kumi na moja kitandani. Akitaka kukohoa, akumbatie mto.
Na muuguzi Lempi, aliyeonywa asimchekeshe mgonjwa,
akamchekesha.
Lempi ni bibi yangu.

Kwangu walipita tundu la ufunguo.
Wakanijaza hewa, wakatuma taa na kamera,
daktari macho kwenye skrini, si kwangu.
Kesho yake saa nane mchana nilikuwa ndani ya basi.
Kilichoniuma ni bega! Hewa iliyosalia, waliniambia,
hupanda huko kabla ya kuaga.
Hakuna aliyenichekesha. Sikumbuki jina la mtu.

"Mlango uvunjwe, tundu lichokolewe," asema babu,
"kilichoibwa ni kilekile."

Jouko hajasema neno, taulo mapajani.
Sasa anaiondoa.
Vijikovu vitatu kama vyangu,
na katikati yake mkato, toka juu ya kitovu hadi chini,
bado mwekundu.
Siku nne aliilaumu supu ya njegere.
Walianza na kamera; kamera ikakuta usaha, ikakosa njia.
"Nililala nimeahidiwa matundu," anasema,
"nikaamka nimefunguliwa kama begi la forodhani."

Babu anayo midomo, hana la kusema.
Anasogea, anamwachia Jouko pembe isiyo na moto mkali,
anachota kata, anasita, anapunguza nusu,
kisha anamimina polepole
kama anayemmiminia mgonjwa chai.