Mengineyo

Agenda ya tisa kati ya tisa.
Hapo ndipo wananchi wanapowekwa,
baada ya kufungua kikao, baada ya yatokanayo,
baada ya chai ya maziwa na sambusa
ambazo harufu yake ilifika mpaka benchi la nyuma
ikaishia hapo.

Mimi ndiye karani. Miaka kumi na sita
ninaandika "yamepokelewa".
Ni neno zuri. Halina mikono.
Hujui nani kapokea, wala kaweka wapi.

Dirishani, Loleza amejifunga ukungu mpaka kiunoni.
Mwezi wa saba huu, ukumbi mzima mikono makwapani,
na Mwenyekiti anasema: dakika tatu kila mtu,
tusirudie yaliyokwisha semwa.

Akaanza Anyelwisye, fundi baiskeli,
na taa za barabarani: zimesimama nne, haiwaki hata moja,
"tunapishana nazo tu, kama mashemeji walionuniana."
Watu wakacheka. Nikaandika: Taa.
Mama Tweve, na ushuru wa viazi.
Gunia moja analilipia mara mbili, getini na mezani,
na stakabadhi zote anazo, kazifunga kwenye pindo la kitenge;
akawa anazifungua moja moja, anazinyoosha kwa kiganja,
mpaka dakika zake zikaisha hajasema neno.
Nikaandika: Ushuru.
Kijana mmoja hakutaja jina. Alisema, "Maji,"
akakaa.

Kisha akasimama Tumpe Mwaisaka, mtaa wa Isengo,
buti za mvua miguuni ilhali ni kiangazi,
kabeba kitu kirefu ndani ya salfeti.
"Mugonile," alisema,
na Mwenyekiti akaitikia kwa sauti ya nyumbani kwao
kabla hajakumbuka kuwa kipaza sauti kinawaka.

Akakitoa, akakilaza juu ya makabrasha:
ubao. Wa mlingoti, urefu wa mtoto wa darasa la tatu,
upande mmoja misumari mitatu iliyopinda,
upande wa pili hamna kitu.

"Hili ndilo daraja letu," akasema. "Lililobaki.
Jingine lilikwenda na mvua za Machi.
Leo sikuja kuomba. Mwaka juzi niliomba.
Nimekuja kuwarudishia mali yenu,
msije mkasema Isengo tumeiba."

Mhandisi akautazama ule ubao
kama mtu aliyekutana na mdai wake kanisani.
Diwani mmoja akakohoa: kwa mujibu wa kanuni,
mezani hakiwekwi kitu kisicho kiambatisho.
"Basi uondolewe," akasema Mwenyekiti, bila nguvu,
na wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa vitu
vikitakiwa kuondolewa, huwa ninaondoa mimi.

Chini ya meza viatu vyangu vilikuwa bado vimelowa.
Hawakuwahi kuniuliza ninakaa wapi.
Kila alfajiri navua soksi, nahesabu mawe tisa,
la saba linacheza.

Nikachukua kalamu ya wino. Juu ya mbao,
pale palipokwanguka, nikaandika: Kiambatisho A.
Nikapiga muhuri. Muhuri ulishika vizuri,
mlingoti hunywa wino kuliko karatasi.

Hauingii kwenye kabati la majalada.
Nimeusimamisha nyuma ya mlango wa masjala;
wanaofuata vibali huuliza, nami huwaambia ni nyaraka.
Jua la saa nane likiupiga unatoa harufu ya msitu,
na kutu ya misumari imeshaanza kuchora ukutani
mstari mwembamba unaoshuka.

Leo nimechapa ajenda za kikao kijacho.
Kufungua. Kuthibitisha muhtasari.
Namba tatu, Yatokanayo:
ubao.
Nimeacha nafasi chini yake,
mistari sita, labda saba.