Swali la Saba

Kadi shingoni mwangu inasema Meneja,
Maendeleo ya Jamii na Uchumi.
Plastiki yake nimeilipia mwenyewe, elfu nne,
stesheneri ya Mabibo, karibu na hosteli,
maana bajeti ya vitambulisho, waliniambia,
ilikuwa ya watumishi.

Mimi si mtumishi. Mimi ni mshauri
kwa miezi mitatu,
kisha miezi mitatu,
kisha wiki sita za kufungua barua pepe kabla sijapiga mswaki,
kisha miezi mitatu.
Mwaka wa tano huu. Desemba hazihesabiwi.
Mwenye nyumba wangu Tabata hupokea kodi ya miezi sita;
kazi niliyo nayo ni ya nusu ya paa.

Juzi tulikuwa Vingunguti, ofisi ya serikali ya mtaa,
mimi na mafaili na katoni mbili za juisi.
Semina: Urasimishaji wa Shughuli za Kipato.
Walioalikwa ishirini na watano,
waliokuja thelathini na mmoja
(nauli ya hao sita nitajua mwenyewe pa kuitoa).
Nikaeleza leseni, nikaeleza namba ya mlipa kodi,
nikaeleza akiba ya uzeeni, kidogo kidogo, kila mwezi.
Nikachora ngazi ubaoni.
Chini kabisa nikaandika *kubangaiza*,
juu kabisa *staha*,
na chaki ikakatika kwenye staha.
Nikacheka. Hawakucheka.

Halafu dodoso.
Swali la saba: Je, una ajira rasmi?
Kama hapana, nenda swali la kumi na tisa.
Chumba kizima kikaenda la kumi na tisa;
nilizisikia kurasa zikiruka.

Bi Sikudhani anauza utumbo nje ya machinjio.
Macho yake hayapatani na herufi ndogo, nikamsomea.
Ndoo mbili kwa siku, Ijumaa tatu.
Mkopo wa kausha damu, ameumaliza Machi.
Kikoba, hisa kumi na nne.
Watoto wanne, mmoja ana shahada,
yupo tu nyumbani.
Tulipomaliza akaichukua kalamu mkononi mwangu
kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, taratibu,
akageuza karatasi upande mweupe.

"Haya, na wewe sasa. Jina?"
Eliwaza.
"Eliwaza nani?"
Mbwambo.
"Mshahara?"
Hauitwi mshahara, mama. Inaitwa ada.
"Inaingia lini hiyo ada?"
Ripoti ikikubaliwa.
"Na ripoti inakubaliwa lini?"

Feni ilikuwa ikizunguka. Niliisikiliza.

"Mimi," akasema, "nikitoa utumbo, nashika hela.
Sijawahi kumkopesha mtu anayekaa ng'ambo."
Wenzake sasa wakacheka.
"Bima?"
Hapana.
"Na ule mfuko wa uzeeni uliotusomea?"
Nikageuka kuutazama ubao
kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuandika.
Akaandika kwa herufi kubwa kama za mlango wa duka,
akizikandamiza mpaka meza ikasoma:
LA SABA HAPANA. NENDA 19.

Usiku nikaingiza takwimu kwenye kompyuta.
Safu ya thelathini na moja ikaisha,
kidole kikabaki juu ya kitufe.
Sijui kilichonipata. Nikajaza ya thelathini na mbili:
mwanamke, miaka thelathini na minane, shahada mbili,
shughuli: kuwarasimisha wengine.
Asubuhi makao makuu wakauliza
mbona majibu yamezidi mahudhurio.
Nikasema nitahakiki.

Mpaka leo sijahakiki. Ada nayo haijaingia.
Ila jana simu ilitetemeka, namba nisiyoijua:
*Kikoba jmosi saa kumi kwangu nyuma ya machinjio.
Hisa elfu tano. Kuanza na moja sio aibu.
Usije na juisi.*