Wimbi Juu ya O

Tiketi namba elfu nne mia nne kumi na saba.
Kipaumbele: cha kati. Mleta taarifa: Maarika.
Tartu, Januari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na pampu ya nne kule Annelinn inakohoa barafu.

Anajua dawa ipo. Heldur aliiandika.
Heldur Põder, aliyeandika kila kitu,
hata namna ya kugonga bomba kwa kisigino cha kiatu
usikie kama limejaa au linajifanya.
Kurasa zake zimo kwenye wiki,
wiki imeunganishwa na daftari la hitilafu,
kiungo ni cha kijani, mafundi wamekiapia.

Basi anaandika jina kisandukuni: Põder.
Hakuna matokeo.
Anaandika tena, polepole, kama anayemsemesha kiziwi.
Hakuna matokeo.
Je, ulimaanisha Peeter?

Asiyekuwepo na lake halipo,
na Heldur tangu Oktoba hayupo:
alikwenda kuchuma uyoga, moyo ukagoma njiani,
kiti chake akapewa kijana kutoka Narva
asiyejua kwamba lile doa mezani
ni kahawa ya miaka kumi na minane.
Lakini Maarika hataki methali
iisemee mashine.

Saa tano usiku anaingia wiki yenyewe, kwa mlango wa uani,
ukurasa baada ya ukurasa, bila kutafuta, kwa kusoma tu.
Na huyo hapo! Jina lile lile, chini ya mchoro wa vali.
Anayaweka majina mawili ubavu kwa ubavu,
lake na la marehemu,
kama muuza duka anayeinua noti mbili kwenye mwanga.
Kwa jicho, pacha.
Anaiambia mashine: nipasulie, nione matumbo.

Õ ya Maarika ni kitu kimoja,
imezaliwa na wimbi lake utosini.
Õ ya Heldur ni vitu viwili:
o tupu, kipara,
kisha wimbi likaja nyuma yake likamkalia,
maana kompyuta yake kuukuu ya nyumbani
ilizaa herufi kwanza, kofia ikafuata.
Wiki ilizipokea zote mbili, haikuuliza.
Daftari lilimjua mmoja tu.
Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua,
kwa sababu miaka yote hiyo
ukimtaka Heldur ulikuwa unageuza kiti.

Dawa ni mstari mmoja wa msimbo:
unganisha kabla hujalinganisha.
Anaupachika, anaijenga faharasa upya,
anakula mkate mweusi na samaki wa kopo amesimama,
huku asilimia zikipanda kama mzee ngazini.

Põder.
Matokeo mia mbili na kumi na mawili.

La kwanza: pampu ya nne, funga vali ya kaskazini kwanza,
usimsikilize msimamizi.
Anampigia simu fundi wa zamu, anamsomea.
Kule Annelinn kikohozi kinakatika.

Ilimpasa afunge tiketi akalale.
Mtafutaji hachoki, wanasema, akichoka keshapata;
yeye keshapata, kachoka, na bado anashuka na orodha,
mia na tisini, mia mbili na tano,
hadi mwisho kabisa, ukurasa usio na kichwa
uliohifadhiwa kimakosa mwezi wa Aprili:

mbegu za bizari, pakiti mbili
betri ya saa ya jikoni
mwulize Maarika kuhusu utafutaji, kuna kitu hakiko sawa